Kuosha Sufuria Mgeni Akiwa Anakula

Nikipika mimi, ukiingia jikoni unaweza kudhani hakuna kinachopikwa, ila pua yako itakukatalia. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta, kibao cha kukatia kimeshaoshwa. Nyanya zikianza kulainika, kisu kimefutwa na kimerudi kwenye droo. Maganda yako kwenye ndoo, ndoo ina mfuniko, na mimi nina kitambaa begani nasaka tone la kufuta. Mke wangu husema napika kama mtu anayeficha ushahidi.

Sijui kutulia, na ni heri niliseme hilo mwanzoni. Kazi yangu ni ya kukaa, maana nashona nguo barazani kwangu hapa Morogoro mjini, lakini nikipindisha miguu miwili ya suruali lazima niinuke nikaokote vipande vya uzi. Mke wangu anauza viungo sokoni, iliki na mdalasini na pilipili manga vinavyoshuka kutoka kwao Matombo. Anaondoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto wako shule za bweni, kwa hiyo jiko ni langu. Miaka ya mwanzo majirani walinicheka, mwanamume na mwiko. Sasa wanakuja kuniuliza wali usishike chini unafanywaje.

Ugonjwa huu niliupata utotoni. Nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, baba akikata miwa, na pale jiko moja lilikuwa la familia nne. Mwanamke aliyeingia akakuta sufuria ya mwenzake haijaoshwa, aliitoa nje na kuiweka vumbini mlangoni ili kila anayepita aione ni ya nani. Siku moja niliiona ya mama pale. Alikuwa na homa, alikwenda kujilaza kidogo tu. Nilimwona akiinama kuiokota huku wenzake wakiangalia pembeni kwa adabu ya uongo, na tangu hapo sufuria chafu naiona kama aibu inayosubiri kutangazwa. Mama naye akaweka sheria: chakula kinaliwa vyombo vya kupikia vikiwa vimeshaoshwa. Nimeishika sheria hiyo mpaka leo, na sikuwahi kujiuliza kama watu wengine wana sheria yao.

Mama mkwe alishuka kutoka Matombo masika yakiwa hayajaanza. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limeiva, jeupe, na la kushoto lilikuwa bado linaona mwanga na vivuli vya watu. Ilimchukua mke wangu miaka miwili kumshawishi aje apimwe, kwa sababu ni mwanamke asiyependa kulala kwa watu, na nyumba ya mkwe kwake ni kwa watu hasa. Hospitali walimpima wakasema la kulia lisicheleweshwe, likiachwa presha ya ndani ya jicho itapanda na litakufa moja kwa moja. Madaktari bingwa wa macho wangekuja baada ya wiki tatu, wakae siku chache, waondoke. Jina lake likaandikwa. Alipewa pia vidonge vya kushusha shinikizo la damu, maana lilikuwa juu, na bila kulishusha asingepasuliwa. Kazi yetu ilikuwa moja tu: akae kwetu wiki tatu, ale, ameze vidonge, atulie.

Mke wangu aliniambia kabla hajaenda sokoni siku ya kwanza, "Mama yangu nakuachia. Usimchoshe."

"Nitamchoshaje? Atakaa tu," nikasema.

Hali ya mkwe na mama mkwe inajulikana. Hamtazamani machoni, hamli sahani moja, hata kupishana mlangoni ni kazi. Sasa fikiria mimi ndiye mpishi, na yeye ndiye anayelishwa. Niliona haya mpaka nikawa najikwaa kwenye viatu vyangu. Na mimi nikiona haya nasafisha. Nilisugua kuta za jiko zilizokuwa safi. Nilipanga vikombe kwa ukubwa, kisha nikavipanga kwa rangi. Nilitaka akirudi kwao aseme kwa ndugu zake binti yetu anaishi pasafi. Nilikuwa najisafishia sifa zangu mwenyewe, ila wakati ule niliita heshima.

Mama mkwe alikataa kukaa sebuleni. Alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaomba kazi. Nikampa maharage ayachambue, na nilishangaa vidole vyake vilivyojua jiwe na maharage mabovu kuliko macho yangu. Baadaye akaomba bamia azikate. Alikata tatu, akaweka kisu chini kulia kwake ili apanguse mikono, na mimi nikakichukua nikakiosha. Mkono wake ulirudi pale, ukapapasa sakafu.

"Hapa palikuwa na kisu," akasema.

"Nimekiosha, mama. Hiki hapa."

"Ah. Sawa, mkwe."

Ikawa hivyo kwa bakuli, ikawa hivyo kwa ungo, ikawa hivyo kwa kikombe chake cha maji alichokuwa amekiweka karibu na mguu wa kigoda. Yeye anaweka, mimi naondoa. Maganda yakidondoka, mimi na ufagio. "Inua miguu kidogo, mama," nasema, na yeye anainua, mimi nafagia chini ya nyayo zake kama nafagia chini ya kiti. Siku ya nne alinitania. Alisema, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naona jembe lenyewe nanyang'anywa."

Nikacheka. "Wewe pumzika tu, mama," nikamwambia, na nikautoa ungo mapajani mwake kwa sababu pumba zilikuwa zinamwagika.

Siku ya tano hakuomba kazi. Nilifikiri sasa amezoea kupumzika.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi. Nilipata perege wazuri, nikaona nimpikie wa nazi, na wali wa mchele wa Dakawa, ule mpya unaonukia. Mke wangu ndiye huwa anamchambulia mama yake miiba, lakini alikuwa sokoni, na mimi kushika chakula cha mama mkwe kwa vidole vyangu nisingethubutu. Nikampakulia, nikamtandikia mkeka kwenye kile chumba kidogo kinachopakana na jiko, nikamkaribisha, nikarudi ndani. Mimi nilikuwa nimeshakula nikiwa nimesimama, kama kawaida yangu.

Akaanza kula polepole. Kila tonge alilitafuta miiba kwanza kwa vidole, kisha kwa ulimi. Na mimi nikaanza kuosha. Sufuria ya wali ilikuwa na ukoko mzuri wa kahawia, nikaumwagia maji, ukalia. Nikakwangua kwa mwiko, nikasugua kwa stilwaya, na stilwaya kwenye sufuria ni kelele, nyote mnajua. Sufuria ya samaki, ya nazi, kikaango. Nikatoka nje nikazifudikiza kwenye kichanja kilicho chini ya dirisha la kile chumba, moja baada ya nyingine, ko, ko, ko. Nilikuwa nimemaliza, na moyo wangu ukapata ile raha fupi ninayoipata vitu vyote vikiwa midomo chini.

Nikachungulia. Mkono wake ulikuwa umetulia gotini, kichwa kimeinama. Kwenye sahani palikuwa na wali kama theluthi moja na kipande cha samaki. Nikadhani ameshiba. Nikaingia nikaichukua sahani, nikamwambia, "Karibu maji ya kunawa, mama," na kabla hajajibu sahani ilikuwa kwenye beseni.

Alikuwa hajamaliza. Alikuwa amesita kidogo ili autoe mwiba mdomoni. Mkono wake ulirudi pale sahani ilipokuwa, ukagusa mkeka, ukapapasa mara mbili. Hilo nililiona kwa macho yangu mwenyewe, na wala simsingizii mtu. Nikafikiri anatafuta kikombe, nikampa kikombe.

Akanywa. Akanawa. Akasema, "Asante, mkwe. Nimeshiba."

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Kesho yake nilikwenda dukani kununua zipu na nyuzi, na niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Jirani alisema mama ameomba aitiwe bodaboda ya kumpeleka kwenye magari ya Matombo, ameaga vizuri, amesema anakwenda kuangalia ndizi zake zisiibiwe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Vidonge vyake alivichukua, hilo lilinipa moyo kidogo, na kanga aliyopewa na binti yake alikuwa ameikunja juu ya mto.

Mke wangu alimpigia simu jioni ile nikiwa karibu. Walizungumza Kiluguru, sauti za chini, na mimi niliyeoa huko miaka kumi na minane nikaambulia neno ndizi na neno Mungu. Alipokata simu aliniuliza, "Mlifanya nini jana?"

"Hatukufanya kitu. Alikula, nikaosha vyombo."

"Alikula, halafu ukaosha vyombo?"

"Niliosha wakati anakula. Kama siku zote."

"Sufuria ukaziweka wapi?"

"Kwenye kichanja. Niziweke wapi tena?"

Akakaa chini. Alikaa hivyohivyo kwenye ngazi ya jiko, na mkoba wake wa sokoni begani. Akaniambia kwamba kwao, bibi zake na mama zake wote, sufuria haioshwi mgeni akiwa bado anakula. Inaachwa ilivyo, na ukoko wake, hata kama haina kitu, ili ajue akitaka kuongezwa kuna mahali pa kukwangua. Mtu ambaye mmechoka naye, na hamtaki kumtukana, mnamfanyia hivi: anakula, mnaosha sufuria, mnaifudikiza, anasikia. Hakuna anayesema neno. Kesho yake anakumbuka ana shughuli kwake, na mnasindikizana kwa amani.

"Na sahani?" nikamuuliza, kwa sababu niliona ni bora yote yatoke siku moja.

"Sahani imefanya nini?"

Nikamwambia. Mke wangu si mtu wa kupiga kelele. Alinitazama tu, akatingisha kichwa, kisha akauliza, "Kwani alikuwa amemaliza?"

Nikakasirika, kwa sababu mwenye kosa hukasirika upesi. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema kama kwao sufuria zina maneno. Akajibu, "Ningejuaje? Wewe wageni wetu wote nawapakulia mimi, na wewe uko jikoni unasugua. Miaka kumi na minane hujakaa na mgeni mpaka akanawa mikono." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu madaktari wafike. Nilitaka nipige simu saa ileile, nimwambie mama mimi nina wazimu wa vyombo, rudi. Mke wangu akasema huwezi kumwambia mkwe jambo la namna hiyo kwenye simu, utamlazimisha akubali kwamba alijisikia kufukuzwa, na akishalitamka limekuwa ugomvi. Jambo hili linapita kwa mjomba. Kwao mjomba ndiye mwenye neno, kaka yake mama, anayeishi mlima huohuo. Niende kwake na sukari na kitenge, nimweleze, yeye anipeleke kwa dada yake.

Nilikwenda Jumapili. Kutoka barabara inapoishia nilipanda kwa miguu karibu saa nzima katikati ya migomba, jasho linanitoka, maneno nayapanga kichwani na kuyapangua. Nikamkosa mjomba. Mkewe akasema ameenda msibani upande wa Kisaki, atarudi baada ya arobaini au kabla, nani ajuaye. Nilisimama uani kwake, na kwa chini, upande wa pili wa kijito, niliona bati la mama mkwe na moshi ukitoka jikoni kwake. Dakika kumi na tano za kutembea. Mtu mwenye akili angeshuka akabisha hodi. Mimi ambaye siwezi kukaa dakika tano bila kuinuka, siku ile ndiyo nilichagua kuwa mtu wa adabu na subira. Niliacha sukari, nikashuka mlima, nikarudi mjini. Katika yote niliyoyafanya, hilo la kurudi ndilo linaloniuma zaidi.

Siku tatu baadaye masika yakafungua. Mvua ya huku milimani haina mzaha, ilibeba kalavati na kipande cha barabara, magari yakasimama. Mke wangu alipiga simu kila siku. Mama alijibu vizuri kila siku: anaendelea, vidonge anameza, atakuja Mungu akipenda, ndizi zikishakatwa. Adabu ilikuwa nene pande zote mbili mpaka hakuna aliyeweza kupenya. Madaktari wakaja. Nilikwenda hospitali mwenyewe, sijui nikitegemea nini, nikakuta watu wamepanga foleni na kofia za plastiki kichwani, na jina lake likaitwa mara mbili. Wakaita la mwingine. Nikarudi nyumbani nikafua mapazia.

Wiki zile nilishona vibaya. Niliweka mfuko wa shati upande wa kulia. Nilikuwa naamka, nasugua jiko la gesi, nakaa kwenye cherehani, nainuka, nachungulia mlima kama umefunguka mawingu, nakaa tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli, si mfano.

Barabara ilipotengenezwa mjomba alikuwa amerudi. Ni mzee mfupi, mcheshi, ambaye husikiliza huku akichonga kijiti cha meno. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya sahani alisimamisha kisu, akaniangalia, akasema, "Mkwe, hapo ulimaliza kabisa." Akachukua fimbo yake, tukashuka.

Tulimkuta mama mkwe jikoni kwake, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya ile kubwa. Alitambua hatua za kaka yake, kisha akauliza huyo mwingine mwenye viatu ni nani. "Shikamoo, mama," nikasema. Akaitikia marahaba, akasema karibu mkwe, akaniuliza habari za mjini, za binti yake, za watoto, kama vile nimepita njia. Akataka kutupikia ndizi, na kukataa isingewezekana.

Nikakaa kwenye gogo, nikaona anavyopika. Maganda ya ndizi yalikuwa yamelala chini kushoto kwake. Kisu kilikuwa juu ya jiwe, upawa umeegemea ukuta, kopo la chumvi liko karibu na kisigino chake, nyanya kwenye kifuu, kikombe kisichooshwa, mwiko wenye uji wa asubuhi umekauka. Mikono yangu ilianza kunitekenya. Niliikalia. Kweli, nilikalia viganja vyangu kama mtoto aliyekatazwa. Na nikiwa nimeikalia nikaona kwamba mkono wake hautafuti chochote. Unakwenda kwenye jiwe, kisu kipo. Unakwenda kisiginoni, chumvi ipo. Hata mwiko mchafu aliufikia bila kupapasa, akausuuza, akaurudisha palepale. Kule kwangu kila alipoweka kitu alikuwa anajiwekea alama ya njia, na mimi nilikuwa nyuma yake nazifuta. Nilikuwa nimempofusha mara ya pili. Nilitamani kulia, na sikuweza mbele ya wakwe.

Tulikula. Sufuria ilibaki mafigani na mabaki yake. Tulipokwisha kunawa mjomba akakohoa, akasema, "Dada, mkwe wetu ana jambo."

Nililisema kwa pupa, bila mpangilio wowote niliouandaa. Nikamwambia kuhusu kambi ya miwa, kuhusu jiko la familia nne, kuhusu sufuria ya mama yangu vumbini. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia kwangu mimi kufudikiza sufuria ni kama mwingine anavyopiga miayo, hakuna maana yoyote.

Alisikiliza akiwa ameinamisha uso. Kisha akasema, "Mimi sikukasirika, mkwe. Nilisikia sufuria, nikasema sawa, siku zimetosha. Sina macho ya kuona umekunja uso au umecheka. Nasikia tu. Nilisikia kisu kimeondoka, nikasikia ufagio, nikasikia sufuria."

"Na sahani?" mjomba akachokoza.

"Na sahani niliona ameharakisha kidogo."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta, na mama naye akacheka, mkono mdomoni. Mimi nilijaribu. Alikubali kuja madaktari watakapokuja tena, na tulipoagana alinipa mkungu wa ndizi na binzari ya kumpelekea binti yake.

Walikuja tena baada ya miezi minne. Safari hii tulimleta wiki moja kabla, na mke wangu alifunga biashara akakaa naye nyumbani. Daktari alimulika jicho la kulia muda mrefu, akampa mashine mwenzake naye akamulika. Kisha akatuita pembeni akasema la kushoto watalifanya kesho na litaona vizuri. La kulia presha ilishapanda, mshipa wa nyuma umekufa, hata wakitoa ule ukungu hakuna kitakachoingia. Mke wangu aliuliza, kama lingefanyiwa mara ile ya kwanza? Daktari alikuwa mtu muungwana, akasema huwezi kujua kwa uhakika, lakini uso wake ulijua.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Mke wangu alikuwa anakunja na kukunjua kadi ya kliniki. Kisha akasema, bila kunigeukia, sauti ya kawaida kabisa, "Usafi wako umekula jicho la mama."

Hajawahi kulirudia. Hakukuwa na haja.

Jicho la kushoto lilifunguliwa bandeji siku iliyofuata upasuaji, na kwa wiki nzima mama alikuwa anazunguka nyumba akishika vitu na kuvitaja rangi. Mimi nilikuwa nimejiwekea adhabu. Nilipika bila kuosha chochote mpaka yeye ale, anawe, ainuke. Vyombo vilirundikana, nzi walikuja, mimi nasimama katikati na jasho mgongoni kama mtu anayezuia chafya.

Siku ya kwanza aliyoingia jikoni mwenyewe alisimama mlangoni akatazama ule mlima wa vyombo.

"Hivi vinangoja nini?" akauliza.

"Vinangoja ule kwanza, mama."

"Vitaoza. Osha, mkwe. Ukiosha nakuona unaosha, sina haja ya kusikiliza."

Akavuta kigoda, akakaa palepale alipokuwa akikaa zamani, akachukua ungo wa mchele. Nikageukia jiko la gesi, ambalo tangu tuhamie nyumba hii lilikuwa upande wa kulia wa mlango, mbali na dirisha, mahali pazuri, ukuta wenye vigae, rahisi kufuta. Nikaanza kukaanga vitunguu. Baada ya muda nikasikia kigoda kinalia. Nikatazama, nikaona anapinda shingo, anaigeuza nzima kama kuku, anarudi kwenye mchele, anapinda tena.

"Uko wapi?" akauliza. "Nakusikia, sikuoni."

"Niko huku, mama. Kulia kwako."

"Kulia hakuna kitu," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayekuelekeza njia. "Kulia ni giza. Hamia huku, nikuone."

Nilizima moto. Nikafungua mpira wa gesi, nikaubeba mtungi, nikalibeba jiko nikaliweka upande wa kushoto, chini ya dirisha, kwenye ile meza ya mbao inayonyonya mafuta. Nikawasha tena. Akanitazama, akaridhika, akaendelea na mchele wake. Siku hizi yuko kwake Matombo, anashuka kila baada ya miezi michache kupimwa, na jiko sijalirudisha. Mafuta yanarukia pazia kila ninapokaanga, na mimi nasimama nayaangalia yakiruka.